Chavua Katika Kopo la Wifi

Pua yangu ilikufa mwezi ule wa homa, na sikumwambia mtu.

Nililala siku nane. Siku ya tisa nikaamka mzima, nikaenda jikoni, nikafungua chupa ya mafuta ya taa nikidhani ni siki, na sikusikia harufu ya hiki wala ya kile. Nikasema itarudi. Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Sabuni ikawa kitu cha kuteleza tu, kitunguu kikawa kitu cha kutoa machozi tu. Sasa ningemwambia nani? Mimi ni mtu wa majani. Tangu ujana wangu watu wanakuja mlangoni na goti, na tumbo, na usingizi uliowakimbia, nami nafungua makopo, nanusa, napima kwa kijiko. Muuza majani asiye na pua ni sawa na fundi wa saa asiye na vidole. Nani atampa saa yake?

Nyuma ya nyumba yangu nina ua wa mimea, na katika ua huo kuna miwili inayofanana kama pacha. Mpozagoti ni wa kunywa. Mwoshambuzi si wa kunywa kabisa; unachemshwa, maji yake wanaoshewa mbuzi wenye kupe, na ukimaliza unasugua mikono kwa majivu mpaka kwenye kiwiko. Yote miwili ina majani membamba yenye vinyweleo vyeupe upande wa chini, na vijiua vya njano vidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Ukivunja shina bichi la mwoshambuzi linatoa maziwa. La mpozagoti linatoa maji matupu. Lakini ikishakauka, maziwa hayapo, rangi ni moja, na hapo ndipo kazi ya pua inapoanza. Mpozagoti mkavu unanukia kama chumba kilichopigwa deki sasa hivi. Mwoshambuzi unanuka kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho.

Huwa naichuma yote kabla ua halijafunguka, asubuhi, umande ukiwa bado haujapanda. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Alisema ua likishafunguka, nyuki wameshachukua chao na upepo umeshachukua chake, na wewe unabakiwa na nguo bila mwenye nguo.

Basi siku hiyo nilikuwa nimeitandaza kwenye mikeka miwili juu ya paa la banda, huu hapa na huu pale. Ikaja mvua bila hodi. Mke wa mwanangu akapanda ngazi mbiombio, akakunja mkeka wa kwanza, akakunja wa pili, akanirushia kama anayeokoa watoto kwenye nyumba inayoungua. Tulipoingia ndani tulikuwa na mafurushi mawili sakafuni, yamelala sambamba, na hakuna kati yetu aliyejua lipi lilitoka wapi. Hilo lilikuwa limeshatokea miaka ya nyuma, wala halikunitisha. Mke wa mwanangu akachukua kalamu ya kuandikia makopo, akasema mama, haya, nusa.

Nikainama. Nikanusa hili, nikanusa lile, nikafumba macho kama ninavyofanya siku zote. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilibaki pale nimeinama muda mrefu, nikisikia mvua kwenye bati, na kalamu inasubiri. Nikasema, hili la dirishani ndilo mpozagoti.

Akaandika.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa chumba cha upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe hauzuii chochote. Nikikohoa ananiambia pole. Nikiongea peke yangu ananijibu. Tumekaa hivyo miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hajaniita jina langu hata mara moja; huniita daktari wa manyasi. Anasema kaka yake alinioa kwa sababu alichoka kununua dawa ya kikohozi. Lakini ikifika majira ya baridi, goti lake la kushoto likianza kulia kama mlango mbovu, huja mwenyewe na kikombe chake cha bati, anakaa kizingitini na kusema, haya daktari, niwekee manyasi yako.

Mwaka huo alikunywa siku tano. Siku ya tatu alisema tumbo linachafuka, nikamwambia anakunywa kabla ya kula. Siku ya nne akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo zuri, kwamba taa zote zimevaa pete za njano. Shuka ni njano. Maziwa ni ya njano. Hata mimi niliyekaa mbele yake, alisema, nimekuwa wa njano na nimependeza kidogo. Tukacheka. Nisikufiche, nilicheka kweli. Siku ya tano alfajiri akaanguka mbele ya mlango wa bafu.

Hospitali walimlaza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akipiga kalamu kwenye kidole gumba alipofikiri. Alituambia moyo wa mgonjwa unakwenda polepole mno, halafu unaruka, halafu unasahau. Akauliza amekula nini, amekunywa nini. Nikamwambia anakunywa mpozagoti wa goti. Akasema hospitali haina kipimo cha majani. Kama ni majani yaliyomfanya hivi, basi asiendelee nayo, atalindwa, atawekewa maji, na kuna dawa moja ya moyo ambayo hapaswi kupewa kabisa, maana itakuwa kumwongezea mzigo ule ule. Kama si majani, basi ni moyo wenyewe umechoka, na dawa hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa, na haipaswi kuchelewa. Angesubiri mpaka saa kumi alasiri. Baada ya hapo angelazimika kuchagua.

Akaniangalia usoni, akauliza kama nina hakika ni huo mpozagoti na si kitu kingine.

Nikasema ndiyo.

Neno lenyewe lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema sijambo. Nikatoka nje kwenye kibaraza kirefu chenye mabenchi ya chuma, nikakaa karibu na mjukuu wangu. Huyu ni binti wa mwanangu, na kazi yake ni ya ajabu. Yuko katika maabara ya chuo, chumba cha dawa za asili. Watu wanapoleta unga wa majani ambao haujulikani ulikuwa mti gani, yeye anatafuta chavua ndani ya unga huo, lile vumbi la maua, anaitazama kwa hadubini na kusema huu ni mti fulani. Wifi alimpa jina siku aliyoajiriwa: Bi Chavua. Anasema shule yote ile, miaka kumi na saba, halafu anakwenda kuhesabu mafua ya maua.

Nikamwita kama ninavyomwita tangu hajajua kutambaa.

"Mke mwenzangu," nikasema. "Pua yangu imekufa."

Alinitazama. Nadhani alifikiri nafanya mzaha. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia habari ya mikeka, na mvua, na lile furushi la dirishani. Hakunikemea. Angenikemea ningepata mahali pa kushika. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna mtu mwingine yeyote aliyepewa kutoka kopo lile, nami nikamwambia hakuna, baridi ndiyo kwanza imeanza na magoti mengine bado hayajaamka. Akasimama, akaingia ndani akamwambia daktari kwamba bibi hana hakika, na kwamba kabla ya saa kumi tutaleta jibu. Nilimsikia kupitia mlangoni. Bibi hana hakika. Maneno matatu, na nilihisi kama nimevuliwa kilemba mbele ya watu.

Tukapitia nyumbani. Nikachukua makopo yote mawili. Kwenye ua nikavunja matawi mabichi yenye maua ya kila mti, nikayaangalia mashina: hili maziwa, hili maji. Nikalifunga tawi la maziwa kwa uzi mwekundu. Hapo nilikuwa na hakika, kwa macho yangu, na nilishangaa jinsi hakika ilivyo nyepesi mkononi unapokuwa nayo.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Jua la saa sita lilikuwa limelala mezani. Kulikuwa na sinki la mawe, mirija ya kioo imesimamishwa kwenye vibao vyenye matundu kama watoto wa shule mstarini, na kabati la droo nyembamba, zaidi ya mia, kila moja na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono. Hakuna aliyepaza sauti mle ndani. Mashine moja ilikuwa inanguruma taratibu kama paka. Mjukuu wangu alinipa koti jeupe lililonifika miguuni na kiti kirefu kisicho na mgongo, ambacho nilikipanda kwa awamu tatu.

Kwanza nilimwomba anuse mwenyewe. Akanusa kopo hili, akanusa lile, akatikisa kichwa. Vumbi na vumbi, alisema. Harufu ya kufundishwa hairithiwi, na mimi sikumfundisha. Nilifikiri nina muda.

Akaanza kazi. Akachukua unga kidogo kwa ncha ya kisu kutoka kila kopo, akautia kwenye mirija, akamiminia dawa kali inayokula kila kitu cha jani isipokuwa chavua. Ganda la chavua, alinieleza, ni gumu kuliko unavyofikiri; jani linaoza, shina linaoza, mti wenyewe unasahaulika, na lile ganda bado lipo. Akachemsha. Akaizungusha mirija kwenye ile mashine ya kunguruma mpaka kilicho kizito kikakaa chini. Akamwaga, akasafisha, akazungusha tena. Akatia rangi ya waridi. Akadondoshea tone kwenye kipande cha kioo chembamba, akakifunika na kipande kingine chembamba zaidi, kama mtu anayemfunika mtoto shuka bila kumwamsha.

Kabla ya hayo alikuwa ameandaa chavua ya yale matawi mabichi, ili tujue tunatafuta sura gani. Akaniambia, bibi, tazama.

Nikaweka jicho.

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Halafu kitu kikafunguka, kama pazia linapovutwa na mtu usiyemwona, na nikawa mahali pengine. Sijui niseme wapi. Palikuwa na mwanga usio na jua. Ndani ya mwanga huo zilielea duara za rangi ya waridi, nyingi, zimetulia, kila moja imezungukwa na miiba mifupi iliyopangwa sawasawa kana kwamba kuna aliyekaa na kuipima. Mjukuu wangu akalizungusha gurudumu dogo kwa kidole, na zile duara zikawa kama zinapumua. Miiba ikaja mbele, ikarudi, tumbo likaja mbele, likarudi. Huo, sauti yake ikasema kutoka mbali sana juu yangu, ndio mpozagoti.

Nikasahau nilikuwa nimekaa. Nilikuwa natembea katikati yake. Miaka arobaini na minne nimechuma mmea huu, nimeukausha, nimeusaga, nimeitoa harufu yake mikononi kwa sabuni, na kumbe wakati wote ulikuwa umebeba hivi ndani yake na haukuwahi kuniambia. Nilitaka kunyoosha mkono niguse mwiba mmoja.

Akabadilisha kioo. Sasa nikaona nyingine: ndefu, laini, hazina mwiba hata mmoja, zimechongoka ncha zote mbili kama kokwa ya tende, ila kila moja ina mifereji mitatu iliyokwenda kutoka ncha hadi ncha. Zilikuwa zimelala pande zote, kama watu waliolala mchana wa joto mahali popote walipochoka. Mwoshambuzi, akasema. Akaniambia mimea hii si ndugu hata kidogo. Imevaa nguo zinazofanana tu. Majani yanaweza kuiga majani, lakini chavua haijui kuiga.

Mimi nilikuwa naona vizuri. Nataka nilitaje hilo. Macho yangu hayasomi tena gazeti, lakini mle ndani niliona kila mfereji.

Akaweka kioo cha kopo la wifi. Akatazama yeye kwanza. Akatazama muda mrefu, mkono wake wa kulia ukihesabu kwa kubonyeza kidude, tiki, tiki, tiki. Akabadilisha, akaweka cha kopo la pili. Tiki, tiki. Nikaona mabega yake yanashuka.

Yote mawili, alisema, yana chavua za aina zote mbili. Za miiba na za mifereji. Karibu sawa kwa sawa.

Hiyo ilikuwa saa nane kasoro. Alitembea hadi dirishani akarudi. Akaniuliza kama niliichanganya. Nikasema hapana, mafurushi yalikuwa mawili na yalibaki mawili. Akauliza nilikausha wapi. Nikamwambia: paa la banda, mikeka sambamba, juu kidogo ya ule ua, na mimea iliyobaki humo ilikuwa imechanua upande wa pili. Akauliza nilisaga kwa kitu gani. Kwa jiwe langu. Uliliosha kati ya furushi na furushi? Hapana. Nililifuta kwa kitambaa.

Akakaa. Akaniambia, bila hasira, kwamba chavua inasema ukweli, lakini inasema ukweli wote, hata usioulizwa. Inakuambia mmea, na inakuambia pia upepo uliopita juu ya mkeka, na nyuki aliyetua, na jiwe ambalo halikuoshwa. Na dawa ile kali imeshavitenganisha vyote, imekula vilivyozishika, zimebaki punje zinazoelea, hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nyumbani na ipi ilikuwa mgeni.

Jua lilikuwa limesogea mpaka kwenye makopo, na vumbi lilikuwa linaelea ndani ya mwanga, taratibu, bila haraka yoyote, na nikawaza kwamba huenda hata hilo ni chavua, chumba kizima, tunavuta na kutoa maua ya watu. Nilimwona wifi ndani ya mwanga huo, wa njano, na kikombe chake cha bati. Sikulala. Lakini nilikuwa kama mtu aliye kando ya usingizi, na hapo ndipo nilipomsikia mama mkwe wangu akisema habari ya nguo na mwenye nguo.

"Mjukuu wangu," nikasema, "mimi sichumi ua lililofunguka."

Akageuka.

Nikamweleza polepole, maana hata mimi nilikuwa naelewa wakati naeleza. Nachuma likiwa bado limefumba. Yote miwili. Likiwa limefumba hakuna nyuki anayeingia wala upepo unaoingia. Basi ile chavua iliyomo ndani ya ua lililofumba, bado imo kwenye vifuko vyake, imebanana, haijawahi kutoka nje. Jiwe langu linasaga, lakini halisagi kila kitu. Mimi sisagi unga wa ngano. Kama kuna kifuko hata kimoja kilichobaki kizima, kilichomo humo si mgeni.

Alikuwa ameshachukua kioo kipya.

Safari hii hakutia dawa kali. Maji tu na tone la ile rangi. Alichambua unga wa kopo la wifi kwa sindano mbili, chini ya kioo cha kukuza, kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, akitoa vipande vidogo kuliko chembe ya chumvi na kuviweka upande. Alinipa na mimi sindano. Mikono yangu haitetemeki; namshukuru Mungu kwa hilo. Nilivitambua vichwa vya maua yaliyofumba hata vikiwa vimevunjika, kwa namna vinavyojikunja, na nikawa namsogezea kimoja kimoja. Alivipasua. Tulifanya hivyo vichwa vyetu vimegusana, na nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi ninayehukumiwa.

Cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa jani. Cha tatu, akaweka jicho, akatulia. Akasogea pembeni, akaniachia nafasi.

Kilikuwa kifuko kirefu, chembamba, chenye ukuta kama wavu, kimechanika upande mmoja. Na ndani yake zilikuwa zimepangana, nyingi, zimeshikana ubavu kwa ubavu, bado hazijaamka, hazijui kuna nje. Laini. Ndefu. Mifereji mitatu kila moja.

Nikazitazama mpaka jicho likajaa maji na zote zikaogelea.

Tukatafuta vifuko vingine, maana alisema kimoja hakitoshi kumwambia daktari. Tukapata saba. Saba vyote vya mifereji. Katika kopo la pili, lile lililoandikwa la kuoshea mbuzi, tukapata vitano, na vyote vitano vimejaa miiba. Alinyanyua simu saa tisa na dakika ishirini. Nilimsikia akimwambia daktari mmea gani, kwa jina lake refu la kitabuni, na tumejuaje, na vifuko vingapi. Daktari aliuliza maswali mawili. Halafu mjukuu wangu akasema, ndiyo, nina hakika. Alipoweka simu akaniambia hawatampa ile dawa.

Hapo ndipo niliposhuka kutoka kwenye kiti kile kirefu, kwa awamu tatu zile zile. Alinikalisha sakafuni, koti jeupe na yote, mgongo kwenye kabati la droo.

Walimlinda usiku ule na siku iliyofuata. Walimwekea maji. Moyo ulikumbuka, ukasahau, ukakumbuka. Siku ya tatu niliruhusiwa kuingia, nikamkuta ameegemea mito miwili, amekonda usoni, nywele zimesukwa mistari na muuguzi ambaye bila shaka alishaambiwa habari zangu zote. Nikavuta kigoda. Nikamwambia yote kwa mpangilio, kuanzia chupa ya mafuta ya taa. Sikuacha hata lile ndiyo nililomwambia daktari. Alinisikiliza huku anaangalia dari.

Nilipomaliza nikajua namna atakavyonijibu ndivyo ukuta wetu utakavyokuwa kuanzia siku hiyo.

"Nilijua ni chungu kuliko ya mwaka jana," akasema mwishowe. "Siku ya kwanza tu nilijua."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Si ulinipa wewe."

Nilishika ukingo wa shuka lake nikaanza kuukunja, nikaukunjua, nikaukunja. Akaniacha niendelee. Kisha nikamwambia kwamba makopo yote nimeyapeleka maabara, kumi na sita, na kwamba halitoki hata moja mpaka Bi Chavua atazame kila lililomo, na mimi nikae pale pembeni nimwonyeshe palipofumba. Nikamwambia wateja nitawaeleza mwenyewe, mmoja mmoja, kwamba sina pua. Akasema wengine watakimbia. Nikasema wakimbie. Akasema yeye hawezi kukimbia, goti halimruhusu, na nikaona kona ya mdomo wake imepanda kidogo, kidogo sana.

Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umefika kwenye mikono yake, na haukuwa wa njano, nilimwuliza, akasema hapana, leo ni mweupe.

"Daktari wa manyasi," akasema. "Umekiona hicho nilichokunywa?"

"Nimekiona."

"Kikoje?"

Nikamweleza. Nilimwambia ni ndefu, na laini, zimechongoka ncha kama kokwa ya tende. Nilimwambia kila moja ina mifereji mitatu, imenyooka, hakuna fundi anayeweza kuichora hivyo. Nilimwambia zilivyokuwa zimelala ndani ya kifuko chao, ubavu kwa ubavu, rangi ya waridi, na mwanga unapita katikati yake, na kwamba nilizitazama nikijua ni zenyewe zilizomwangusha, na bado sikutaka kuondoa jicho. Alifumba macho wakati nasema. Nikafikiri amelala. Nikapunguza sauti, lakini sikuacha.

"Ni nzuri?" akauliza, macho yamefumba vile vile.

"Nzuri sana, wifi."

Akashusha pumzi ndefu, akatafuta mkono wangu juu ya shuka mpaka akaupata.

"Mshenzi wewe," akasema. "Angalau ulinipa kitu kizuri."